Vishikio vya fimbo za kuvulia kwenye boti ya alumini: ribiti, bolti au kuchomelea?

Mvuvi wa Tongoni

Asalaam aleikum, na habari za kazi mafundi na wavuvi. Nina boti ya alumini ya futi 14 niliyoinunua ikiwa imekwishatumika, na msimu wa kaskazi hutoka nayo nje ya ghuba ya Tanga nikikokota chambo bandia kutafuta nguru na kolekole. Aliyeniuzia alikuwa amefunga vishikio viwili vya fimbo juu ya ukingo karibu na tezi (nyuma ya boti), kila kimoja kwa ribiti nne. Juma lililopita samaki alipovuta, kishikio cha kulia kiling'oka pamoja na kitako chake, na fimbo ingekwenda na maji kama nisingeikanyaga rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) kwa mguu.

Niliporudi pwani nilikagua mahali kilipong'oka. Matundu mawili ya mbele yalikuwa yamerefuka mfano wa mbegu ya haragwe, na chini ya kitako kulikuwa na unga mweupe uliogandamana ambao niliweza kuukwangua kwa ukucha. Misumari midogo iliyobaki ndani ya ribiti ilikuwa imeshika kutu. Kitako chenyewe, ambacho ni cha chuma kisichoshika kutu, hakina hata doa.

Ukingo wa boti una upana wa sentimita 7 na uwazi chini yake, na bati lina unene wa milimita 2. Je, nirudishie ribiti zilizo nene zaidi, nitumie bolti, au nitafute vishikio vya kuzamisha ndani ya ukingo kama nilivyoviona kwenye boti za faiba za watalii?

Mchomeleaji wa Likoni

Ndugu, usijisumbue na matundu. Tafuta fundi mwenye mashine ya gesi ya argoni, mkate mabomba ya alumini yenye kipenyo cha ndani cha milimita 42 hivi, myachomelee kwenye ukingo yakiwa yameinama nyuzi 30, na kazi imekwisha. Hakuna bolti ya kulegea, wala hakuna metali mbili za kugombana. Mimi nimefanya hivyo kwenye boti mbili na zote zinavua hadi leo.

Fundi Boti, Mtongwe

Ndugu wa Tongoni, waaleikum salaam. Kabla ya kujibu swali la ribiti au bolti, naomba tuhesabu kidogo, kwa sababu watu wengi hulaumu kishikio ilhali kilichoshindwa ni bati lililo chini yake.

Tuseme mshipi wako hukatika kwa kilo 15 na breki ya rili umeifunga theluthi moja ya hapo, yaani kilo 5. Ncha ya fimbo iko mita 1.8 kutoka kwenye kishikio. Samaki anapovuta kabla fimbo haijapinda sana, kilo 5 hizo zinakuwa na wenzo wa mita 1.8, wakati bolti za mbele na za nyuma kwenye kitako zimeachana sentimita 6 tu. Gawanya uone: upande mmoja wa kitako unang'olewa kwa nguvu inayokaribia kilo 150. Fimbo ikishapinda wenzo hupungua, lakini mshtuko wa kwanza wa nguru haungoji fimbo ipinde. Ribiti mbili zilizoshika bati la milimita 2 haziwezi kuubeba mzigo huo mara mia, hata zikiwa nene kama kidole.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni bamba la kuunga mkono upande wa chini wa ukingo. Kata kipande cha alumini chenye unene wa milimita 5 na urefu wa sentimita 20 au zaidi, kipana kadiri uwazi wa ukingo unavyoruhusu, na uzungushe pembe zake kwa tupa ili zisilikate bati. Bolti nne zipite kwenye kitako, kwenye ukingo na kwenye bamba, kisha zifungwe kwa nati zenye pete ya plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko wa injini. Usitegemee nati za kubana ndani ya tundu, zile zinazowekwa kama ribiti mahali mkono usipofika, kwa kuwa nazo hulishika bati lile lile jembamba.

Jambo la pili ni huo unga mweupe. Hiyo ni alumini yako iliyoliwa. Chuma kisichoshika kutu kikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi hutokea mkondo mdogo wa umeme kama wa betri, na anayelika ni alumini, ndiyo maana kitako kimebaki kinang'aa. Shaba ni mbaya zaidi, basi usikubali bolti za shaba hata ukipewa bure. Kata kipande cha plastiki ngumu kama kile cha ubao mweupe wa kukatia nyama, ukiweke kati ya kitako na ukingo. Kila bolti uivishe kijibomba cha nailoni kinachopita ndani ya tundu, na washa ya nailoni juu na chini. Kati ya nailoni ya chini na nati weka washa pana ya chuma, la sivyo nati itaitafuna nailoni. Mafundi wengi husahau ndani ya tundu, kisha hushangaa ule unga ukirudi.

Kuhusu vishikio vya kuzamisha, ukingo wako ni mwembamba mno. Ukitoboa tundu la milimita 50 kwenye ukingo wa sentimita 7, unabakiwa na sentimita moja kila upande, tena pale pale unapokaa mzigo wote. Kwenye faiba nene yenye ubao ndani haidhuru, lakini kwako sishauri.

Kwa ndugu yangu wa Likoni, kuchomelea ni kazi nzuri kwenye bati la milimita 4 au 5. Kwenye milimita 2 joto hulikunja bati na kuulainisha ukanda ulio kando ya mshono, na hapo ndipo ufa huanzia. Zaidi ya hayo, boti nyingi za aina hii zina povu la kuelea chini ya ukingo au chini ya viti. Povu hilo hushika moto na moshi wake ni sumu, kwa hiyo lisipoondolewa kwanza, mashine isiwashwe, na tangi la mafuta litoke kabisa botini.

Mswahili wa Ontario

Salamu kutoka Kanada, ambako boti za alumini ni nyingi kama mitumbwi huko kwetu Mwanza. Huku boti nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa na reli ya alumini iliyoungana na ukingo, hivyo kishikio huteleza kwenye mfereji wake na kukazwa kwa mkono bila tundu lolote. Boti ya zamani isiyo na reli unaweza kuifungia wewe mwenyewe, kipande cha sentimita 40 kila upande, kwa bolti zenye bamba chini kama alivyoeleza Fundi. Faida yake ni kwamba mzigo unagawanyika kwenye bolti tano au sita zilizoachana, na unaweza kusogeza kishikio bila kutoboa tena ukigundua kwamba ulikosea mahali.

Watu hukosea mahali mara nyingi kuliko mnavyodhani. Mimi huvua samoni katika Ziwa Ontario, na vishikio vyangu vya kwanza nilivifunga boti ikiwa juu ya trela. Siku ya kwanza majini niligundua kwamba mkono wa usukani wa injini unagonga kitako cha fimbo kila ninapokata kona. Kaa ndani ya boti ikiwa inaelea, mtu mwingine akishika fimbo mahali unapopataka, uzungushe injini pande zote mbili na uiinue juu, kisha ndipo uweke alama. Fimbo za pembeni zielekee nje ili mishipi isisokotane, na uwe unaweza kuzichomoa ukiwa umekaa.

Maji yetu ni baridi na hayana chumvi, kwa hiyo nakiri kwamba sijawahi kuuona huo unga mweupe kwa kiwango unachokieleza.

Mvuvi wa Tongoni

Nawashukuru sana. Nina maswali mawili. Nina kipande kizuri cha mbao kilichotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Je, hakifai badala ya bamba la alumini? Na kwa kuziba matundu, silikoni ya madirisha inatosha?

Fundi Boti, Mtongwe

Mbao hiyo iache kabisa. Dawa nyingi za mbao zina shaba ndani yake, na mbao ikilowa inailisha alumini shaba hiyo kidogo kidogo. Hata mvule usio na dawa hukaa na unyevu wa chumvi dhidi ya bati, na chini yake huoni kinachoendelea.

Silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huila alumini. Tumia gundi ya poliyurethani ya boti, lakini chagua ile inayoweza kubanduliwa. Ile ya kudumu milele itakutoa jasho siku ukitaka kubadilisha kishikio.

Ukitoboa, anza na keekee ya milimita 3, dondoshea mafuta ya taa ili alumini isigande kwenye ncha, na ufagie chenga zote zisiingie kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti). Angalia ngama hiyo hiyo kama ina chubwi za risasi au sarafu zilizoanguka, maana nazo huila alumini. Niliwahi kuletewa boti iliyokuwa ikivuja, na tundu lilikuwa la mviringo kamili, saizi ya shilingi iliyolala chini yake.

Mvuvi wa Tongoni

Narudi na taarifa. Nilisogeza kishikio cha kulia sentimita 25 kuelekea omo (mbele ya boti) ili niyakwepe matundu yaliyoharibika, ambayo nimeyaziba kwa kiraka cha alumini. Kabla ya kutoka nilifunga mizani ya kuning'iniza kwenye ncha ya fimbo, kijana wangu akavuta hadi kilo 5, nami nikaweka kidole kwenye ukingo. Upande wa kulia haukutikisika. Wa kushoto, ambao bado una ribiti za zamani kwa sababu bamba halikutosha, bati liliinuka na kurudi kama kifuniko cha kopo, na mlio wake ulisikika. Huo nao naung'oa kesho.

Nimeongeza pia kamba fupi kutoka kwenye kila rili hadi kwenye pete iliyo sakafuni, maana mguu wangu hautakuwa karibu kila mara.