Wanaozalisha mbwa wa kuuza wakate leseni, au waachwe? Tujadili, wana Tabora

Mleta mada

Wakuu, mwangaluka. Najua kuna watakaosema hii ni hoja ya wenye nazo. Someni kwanza.

Mji unapanuka, watu wanajenga pembezoni na kila mwenye ukuta anataka mbwa. Wenye macho ya biashara wameliona hilo. Mtu ana majike watatu uani na dume wa kuazima, anarusha picha kwenye magrupu ya WhatsApp: "German Shepherd pure, wiki nane, chanjo zote tayari." Unatuma hela kwa simu, mzigo unakufikia ndani ya katoni iliyotobolewa kwa kisu. Mama yake hujamwona, banda hujalijua.

Mimi nilitoa laki mbili na nusu. Mbwa akaja na kadi yenye mihuri mizuri, imeandikwa kachanjwa hadi kichaa. Daktari wa mifugo alipomfunua mdomo akacheka: meno ya maziwa ndiyo kwanza yanachomoza, huyu hata wiki sita hajatimiza. Na chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mbwa akifika miezi mitatu! Wiki haikuisha, akaanza kutapika na kuhara damu. Parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua vitoto vya mbwa. Akafa. Muuzaji jibu lake moja tu: "Nilikukabidhi mzima."

Sasa tazameni ugumu ulipo. Parvo hukaa mwilini kimya siku tatu hadi saba, wakati mwingine hadi kumi na nne, ndipo dalili zitoke. Kitoto kikiugua ndani ya wiki ya kwanza, inawezekana kabisa kilitoka na kirusi kwa muuzaji au kilikipata njiani. Lakini kirusi hicho hicho hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo muuzaji naye anaweza kusema ni uani kwako. Hakuna maandishi, hakuna daktari aliyempima siku ya makabidhiano. Nani alipe?

Huko England tangu 2018 anayezalisha mizao mitatu au zaidi kwa mwaka (jike akizaa mara moja ni mzao mmoja) na kuuza lazima awe na leseni. Mwenye leseni haruhusiwi kumpandisha jike ambaye hajafikisha mwaka, wala kuuza kitoto chini ya wiki nane, na mnunuzi sharti akione kikiwa na mama yake. Mwaka 2020 wakawafungia madalali: huuzi kitoto cha chini ya miezi sita ambacho hukukizalisha mwenyewe. Sheria hiyo inaitwa ya Lucy, jina la jike aliyeokolewa Wales akiwa amechakazwa kwa kuzalishwa.

Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, nzuri tu. Ninachotaka mimi ni kanuni ya huyu mfanyabiashara: ahesabiwe kwa mizao, aonyeshe mama, aandikishane na mnunuzi.

Mzee wa Kiloleni

Pole kwa hasara, kijana wangu. Ila mbwa huku Unyamwezi wamechunga ng'ombe na kuwinda tangu kwa babu zetu, hakuna aliyekwenda manispaa kuomba ruhusa. Leo mtu kapoteza laki mbili na nusu, nchi nzima ikate leseni?

Kama ni kuhangaika na mbwa, tuhangaike na kichaa. Mtu akishaonyesha dalili za kichaa cha mbwa ndiyo basi tena, unasubiri msiba. Wataalamu wanataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Nguvu ya afisa mifugo ipelekwe huko, siyo kuhesabu mimba za mbwa wa matajiri.

Fuga Chotara

Naongea kama mzalishaji, na sijifichi. Mleta mada umewasema wauzaji, wanunuzi umewaacha. Mnataka "pure" kwa bei ya koko. Mnataka kitoto kingali kidogo "kinizoee mapema". Nikisema subiri wiki nane unaenda kwa jirani anayekupa cha wiki tano, halafu kikifa wafugaji wote ni matapeli.

Chanjo ya parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Mimi nikikuuzia cha wiki nane nimetoa ya kwanza, zilizobaki ni zako. Ni wangapi wanazimalizia? Wengi wakishaona muhuri mmoja wanaona kazi imeisha.

Na leseni ikija naijua itakavyokuwa. Sisi wenye kibao nje tutalipa ada, wa kwenye simu watabadilisha laini.

Binti Cheyo

Mnabishana pesa ya mnunuzi. Mimi nyuma ya nyumba yangu kuna jike ambaye kila joto la kutaka dume likija anapandishwa. Joto ni kama mara mbili kwa mwaka, mimba siku 63, hesabuni wenyewe anapumzika lini. Chuchu zinaburuza, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani, na dume ni mtoto wake mwenyewe! Naunga mkono leseni kwa ajili ya huyo jike.

Mpita njia

Kwetu Waislamu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda hana shida. Shida ni mtu kujaza kumi na wawili kwenye kiwanja cha mita ishirini, harufu hadi msikitini. Mkipata leseni, wekeni na ukubwa wa uwanja.

Dokta wa ng'ombe

Kwenye ng'ombe tuna kibali cha kusafirisha na kila mchuuzi anakijua, kwa hiyo hakuna jambo la ajabu hapa. Wakati mnasubiri kanuni, tazameni kadi. Chupa nyingi za chanjo huwa na kibandiko chenye namba ya toleo, hubanduliwa kikabandikwa kwenye kadi, na daktari anasaini pembeni. Muhuri peke yake hata fundi mihuri anao. Mpigie huyo daktari kabla hujatuma hela.

Mleta mada, usilete mwingine hapo kwanza. Banda la saruji lioshe, toa kinyesi chote, halafu jiki kipimo kimoja kwa maji thelathini, iache dakika kumi. Udongo mtupu jiki hausaidii.

Mleta mada

Asante dokta, hilo la udongo nilikuwa silijui.

Mzee wangu, kichaa hakigombani na hoja yangu. Mzalishaji akiwa na leseni, vitoto vyake vinajulikana vimekwenda kwa nani, na siku ya chanjo ya kichaa unajua pa kubisha hodi. Leo mbwa anatoka Urambo anauzwa Nzega, hakuna anayejua.

Fuga Chotara, wewe ndiye ungefaidika wa kwanza. Anayeuza cha wiki tano anakuharibia soko kwa sababu hakuna kinachomzuia. Ada iwe ndogo, lakini kuuza bila kumwonyesha mama liwe kosa, hata kwa aliye kwenye simu.

Mzee wa Kiloleni

Haya. Andikeni kwamba mwenye jike mmoja aliyezaa kwa bahati yake haguswi, nami nitanyoosha mkono.

Ila kuna kitu mmekiruka. Mnahesabu mizao ya majike. Huyo dume wa kuazima anayezungushwa mji mzima, mwenyewe analipwa kila akipandisha, uani kwake hakuna hata kitoto kimoja. Yeye mtamhesabuje?

Fuga Chotara

Mzee, hapo umenigusa. Dume ni wangu.