Tupeane uzoefu: Alien ipi ilikunasa, na hii inayokuja apewe dairekta gani?

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa watu wa Alien, zile muvi za dude la angani linalowinda watu, sio lazima uwe umeziangalia zote, hata moja tu ilimradi ilikukaa kichwani.

Nimeuanzisha kwa sababu Fede Álvarez, yule jamaa wa Uruguay aliyeifufua na Romulus 2024, alishasema inayofuata haongozi yeye. Skripti ipo, yeye na mzee Ridley Scott, aliyeongoza ile ya kwanza, wanabaki maprodyuza, kiti cha dairekta kinatafutiwa mtu. Tangu hapo kila nikikaa na washkaji ni ubishi, huyu anataja jina hili yule anataja lile na hakuna anayeeleza kwa nini. Naomba hapa kila mtu aanze na alivyokutana nayo, halafu ndio amtaje mtu wake, maana nimeona watu wanachagua dairekta kutokana na ile ya kwanza iliyowanasa.

Mimi ni Aliens ya James Cameron, 1986. Niliiona kibanda umiza Tandale, tumekaa kwenye mabenchi, mtafsiri anachapa stori juu kwa juu. Sheria ya kibandani mnaijua, stelingi hafi. Sasa sisi wote tulishaamua stelingi ni Hicks, mwanajeshi, ana bunduki, katulia, tukawa tunamsubiri achangamke. Hicks akamwagikiwa tindikali akawa wa kubebwa, na yule mama Ripley tuliyedhani yupo tu wa kuokolewa ndio anarudi kule chini peke yake kumtafuta mtoto, halafu anaingia kwenye lile mashine la kubebea mizigo anakwenda kuvaana na mama wa madude. Kibanda kizima kilisimama. Baadaye sana ndio nikasoma kwamba Sigourney Weaver aliteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa ile ile muvi, nikasema walau hata huko waliona tulichokiona.

Msimamo wangu: apewe mtu mwenye njaa ambaye bado hajawa mkubwa. Scott alipopewa ya kwanza 1979 alikuwa na filamu moja tu nyuma yake, The Duellists ya 1977. Cameron wakati anapewa, Terminator ndio ilikuwa imetoka 1984, kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anamhesabu. Álvarez mwenyewe Hollywood walimuona kwa kifilamu kifupi cha maroboti yanaivamia Montevideo alichokiweka YouTube 2009. Wote hawa walikuwa na kitu cha kuthibitisha. Karibuni.

Baharia wa Likoni

Shukran kwa uzi kaka. Mimi ni ile ya 1979 na sitaki kusikia nyingine. Nimefanya kazi meli za mizigo miaka mingi, na niliitazama messini tukiwa safarini, usiku, watu wa zamu tofauti wamejaa. Unajua kilichotushika si lile dude. Kilichotushika ni ule mwanzo watu wanaamka, wanakula, wanavuta sigara, na Parker na Brett wa injini wanalalamika kwamba bonasi yao ndogo kuliko ya wengine na kuteremka kwenye ile sayari hakumo kwenye mkataba. Wallahi kila baharia aliyekuwa pale alicheka maana ndiyo maneno yetu kila siku. Nostromo ni meli ya kukokota, watu saba, nyuma wanavuta kiwanda kizima na tani milioni 20 za madini. Halafu inakuja kujulikana kampuni ilishaamua kiumbe ndicho kirudi na mabaharia wasihesabiwe. Hapo hakuna aliyecheka.

Kwa hivyo mimi natafuta dairekta anayejua kazi ya mikono na watu wa mshahara. Nampa Gareth Edwards. Monsters ya 2010 aliipiga na watu wachache sana, picha za madude akazitengeneza mwenyewe kwa kompyuta yake. Anajua kukuonyesha kitu kikubwa kwa mbali, nyuma ya mtu anayeendelea na shughuli zake. Scott naye alikuwa hivyo, pale kwenye sayari ili meli ionekane kubwa zaidi aliwavalisha wanawe nguo za wanaanga, watoto wadogo, na wewe unaona watu wazima chini ya mguu wa meli kubwa ajabu. Na lile yai linavyotikisika ndani ni mikono yake mwenyewe kwenye glavu. Huyo ndiye dairekta, anayeingiza mkono.

Nesi Mwanza

Baharia umeniwahi kwenye mambo ya mikono. Mimi nitaongea kitu ambacho nadhani wengi humu hawakijui. Lile dude la 1979 lilikuwa ni mtu ndani, na mtu mwenyewe ni Mwafrika, Mnigeria, Bolaji Badejo. Alikuwa mwanafunzi London, kijana mrefu mwembamba wa zaidi ya mita mbili, wakamkuta baa wakaona huyu huyu. Hakuwa mwigizaji. Zile hatua za polepole, ule mkono unavyojikunjua, ni mwili wake. Alifariki Lagos 1992 akiwa na miaka 39, kwa selimundu.

Mimi niko wodini na watoto wa selimundu kila wiki na mdogo wangu anayo. Siku nilipojua hilo niliirudia muvi yote usiku huo huo na nikawa namuangalia yeye, simuangalii Ripley wala nani. Jina lake halisemwi inavyostahili, watu wanamsema Giger aliyechora lile dude na Giger alipata Oscar pamoja na wenzake na aliistahili kabisa, lakini mchoro hautembei jamani.

Mimi jina la dairekta sina kwa kweli. Nina sharti moja, dude liwe mtu ndani ya vazi au liwe la kutengenezwa kwa mikono. Romulus ilinifurahisha kwa hilo, Álvarez aliwatafuta mpaka baadhi ya mafundi waliofanya Aliens na waigizaji walikuwa wanakabiliana na kitu kipo mbele yao. Ila kumrudisha Ian Holm, mwigizaji wa ile ya 1979, kwa kompyuta wakati alishafariki 2020 hapana, pale sikupenda hata kidogo.

Mpare wa Jozi

Blomkamp. Neill Blomkamp. Nitalisema hili mpaka nizeeke.

Nilikuja Johannesburg kutafuta maisha, na District 9 ya 2009 niliiona nikiwa nimeshakaa hapa. Walipiga Soweto, Chiawelo, vibanda vile vile navyovijua, na madude ya kutoka angani yanaishi kambini, watu wanayatukana kwa jina la kejeli, serikali inapeleka kampuni yenye silaha iyahamishe kwa kusainishwa makaratasi. Mgeni yeyote aliyekaa mji huu anajua alikuwa anaangalia nini. Bajeti yake dola milioni 30, ikateuliwa Oscar nne ikiwemo filamu bora, na dairekta alikuwa hajafika hata miaka 30 wakati anaipiga. Si ndio njaa unayoisema mkuu mleta uzi?

Na alishawahi kuwa na hiyo kazi mkononi. Mwanzoni mwa 2015 aliweka michoro yake Instagram, Ripley yupo, Hicks yupo na makovu ya tindikali usoni, watu tukapagawa, Februari ikathibitishwa kwamba anaipiga. Halafu Scott akasukuma Alien: Covenant yake mbele, ya Blomkamp ikawekwa pembeni hadi ikafa. Mimi bado nina ile michoro kwenye simu. Apewe haki yake.

Dullah wa Sanawari

Mpare nakuheshimu lakini michoro sio muvi. Ile ilikuwa ya kuwarudisha Ripley na Hicks kana kwamba Alien 3 haikuwepo, na mimi ni mtu wa Alien 3.

Ndio, mimi ni wa Alien 3, najua nipo peke yangu humu. Niliikodi kwenye library ya CD hapa Arusha wakati nimefiwa na mzee, mtu akaniambia chukua hii ya madude ujisahaulishe. Inaanza tu, Newt yule mtoto aliyeokolewa na Ripley kafa, Hicks kafa. Watu wanaichukia kwa hilo, mimi nilikaa pale nikasema angalau kuna mtu amesema ukweli, unaweza kupigana ukashinda halafu asubuhi usiowategemea kuondoka wameondoka. Na mwishoni stelingi anakufa, kwa kuchagua mwenyewe, ili kampuni isipate inachokitaka.

Mleta uzi, hapo kwenye njaa yako kuna tatizo. David Fincher alikuwa na njaa kuliko wote, ilikuwa filamu yake ya kwanza kabisa, ametoka kwenye video za muziki. Walimkabidhi kitu kilichoanza kupigwa skripti haijaisha, kabla yake Vincent Ward alishaandika ya watawa kwenye sayari ya mbao, ikaachwa, seti zinajengwa huku kurasa zinabadilishwa, studio inamkata kila anachofanya. Mpaka leo haitaki muvi ile, na ile Assembly Cut ya 2003, toleo lililohaririwa upya, ilitoka bila yeye. Baadaye huyo huyo akatoa Se7en. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo na njaa ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa juu kumuachia.

Mleta uzi

Dullah pole sana kwa mzee. Na hoja yako naikubali moja kwa moja. Ndio maana nikasisitiza skripti ipo, hiyo ndio inayonipa moyo safari hii, mtu atakayekuja anakuta nyumba ina msingi. Mpare, Blomkamp wa 2009 ningempa leo hii hii. Elysium na Chappie alizofanya baadaye hazikunigusa vile, na muvi ya kurudisha wazee mimi siihitaji, Ripley ameshafanya yote aliyotakiwa kufanya.

Kayole Finest

Niaje wasee. Mimi nimekulia Kayole, na huku muvi bila DJ Afro kuitafsiri haikuwa muvi, tulikuwa tunalipa pale kwa video tunafinyana. Lakini Alien sikuonea huko, nilionea campo kwa laptop ya roommate, Prometheus ya 2012, na hiyo ndio iliniingiza box. Najua wengi hawaipendi. Mimi ile swali ya nani alituumba na mbona anatuchukia ilinikamata vibaya sana, nilikuwa nimelelewa kanisani na hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo.

Sasa nataja mtu wetu. Wanuri Kahiu, dairekta Mkenya. Kabla mtu aseme nimeweka uzalendo mbele, tafuteni Pumzi ya 2009. Ni fupi, kama dakika 20 hivi, ilifika tamasha la filamu la Sundance 2010. Watu wanaishi ndani baada ya vita vya maji, jasho na mkojo vinasafishwa unakunywa tena, Asha anafanya kwa makumbusho, anapata udongo uko hai, anaomba ruhusa atoke nje ananyimwa, anatoroka na mche wake. Angalieni vizuri hiyo ni nini. Mwanamke mmoja, jengo limefungwa, wakubwa wanaamua mwili wako ni mali ya nani. Hiyo ni Alien bila dude! Na ameshafanya Rafiki ikaenda Cannes 2018, ameshafanya muvi ya Netflix 2022, si mtu wa kuokotwa.

Na kitu ingine. Hizi muvi zote zinabebwa na mwanamke, zinaongelea kubeba mimba ya lazima mpaka ikupasue, na kwa sinema hakuna hata moja imewahi ongozwa na mwanamke. Kwa ile series ya Alien: Earth ya 2025 angalau Ugla Hauksdóttir aliongoza baadhi ya episodi. Kwa sinema, zero.

Nesi Mwanza

Kayole umenipa jina nililokuwa sina. Nimefanya kazi leba kabla ya kuhamia watoto, na ile sehemu ya Romulus Kay anajifungua, mwanaume yeyote aliyekuwa ukumbini alifumba macho, mimi nilikuwa naona vitu ambavyo dairekta hakuviona. Alionyesha damu na kelele. Hakuonyesha anavyomtafuta mtu wa kumshika mkono.

Baharia wa Likoni

Dada hapo umesema kweli. Gareth Edwards namuweka akiba. Lakini huyo Wanuri akipewa, studio wasimfanye kama Fincher, wampe na hela ya seti ya kujengwa kweli, chuma kigongwe kilie. Meli ya kompyuta hainuki dizeli.

Mpare wa Jozi

Mimi sijabadili. Ila Pumzi naitafuta leo, nikimaliza narudi hapa tubishane vizuri.