Je, histamini inahusika na tiki za watoto, na dawa za mzio zina nafasi gani?

Mama Wawili (Tanga)

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Naomba mwongozo kutoka kwa wenye taaluma na kwa wazazi waliokwisha kupitia jambo hili.

Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Mwezi wa Juni mwaka jana alianza kupepesa macho mfululizo. Tulidhani ni vumbi au mzio, na kituo cha afya tulichokwenda kilitupa matone ya macho pamoja na setirizini, dawa ya mzio. Baada ya wiki tatu macho yalitulia, nami nikashukuru; lakini kufikia Septemba akaanza kuvuta kamasi ilhali pua ni kavu, kisha kusafisha koo kwa mguno mfupi kama wa mtu anayetaka kuanza kuzungumza, na sasa bega la kulia humpanda ghafla mara tatu au nne, halafu basi. Akichora, ulimi ukiwa umebanwa kwenye kona ya mdomo, anaweza kukaa nusu saa bila hata mguno mmoja. Akitazama televisheni jioni, vyote hurudi. Mwalimu wake amekwisha kumtoa darasani mara mbili kwa kile alichokiita kelele za makusudi.

Daktari wa watoto aliyemwona mwezi uliopita alisema ni tiki, yaani miondoko au sauti fupi za ghafla zinazojirudia bila hiari. Nilipoanza kusoma nilikutana na maelezo kwamba tiki zinahusiana na histamini, na shemeji yangu akahitimisha papo hapo kwamba kumbe ni mzio tangu mwanzo, kwa hiyo mtoto apewe dawa ya mzio kila siku na aachishwe jodari na vibua. Je, uhusiano huo upo kweli, na unamaanisha hivyo anavyosema shemeji?

Mfamasia wa Zamu

Mama Wawili, pole kwa uuguzaji. Uhusiano upo, lakini shemeji ameusoma kinyume.

Histamini tunayoilaumu kwa mafua ya mzio, upele na macho kuwasha hutolewa na seli za kinga zilizo katika ngozi, pua na utumbo. Ubongo una histamini yake, inayotengenezwa na kundi dogo la seli za neva katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, na kusambazwa karibu ubongo mzima kama kemikali ya kupeleka ujumbe. Kazi yake mojawapo ni kutuweka macho, na ndiyo sababu mtoto akinywa Piriton husinzia: dawa hiyo hupenya hadi kwenye ubongo na kuziba vipokezi vya histamini huko, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake. Setirizini hupenya kidogo sana, kwa hiyo usingizi wake ni hafifu.

Hoja ya tiki ilipata nguvu mwaka 2010, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipoeleza habari za familia moja ambayo baba alikuwa na ugonjwa wa Tourette (tiki za mwili na za sauti zinazodumu zaidi ya mwaka) na watoto wake wote wanane walikuwa nao, huku mama akiwa hana. Baba na watoto walikuwa na badiliko moja katika jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachogeuza histidini, kijenzi kimojawapo cha protini, kuwa histamini. Badiliko hilo hukatisha maelekezo kabla ya mwisho, na kimeng'enya kinachopatikana hakifanyi kazi. Maana yake ni kwamba, kwa familia ile, tatizo lilikuwa UPUNGUFU wa histamini ubongoni, wala si wingi wake.

Mwaka 2014 watafiti wa Yale walionyesha jambo hilo kwa panya waliokosa jeni hiyo: walipopewa kichocheo cha dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe ubongoni, walirudiarudia miondoko ileile kupita panya wa kawaida, na walipotiwa histamini moja kwa moja ndani ya ubongo miondoko hiyo ilipungua. Inaelekea histamini husaidia kuizuia dopamini katika striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayochagua ni mwondoko upi uruhusiwe na upi uzuiwe. Na hili linaafikiana na jambo tulilolijua kwa miaka mingi, kwamba dawa zinazoziba vipokezi vya dopamini, kama haloperidoli, hupunguza tiki.

Kwa hiyo mtu akisema "histamini inahusika, basi tuizuie", anavuta kamba upande usiofaa. Zimo hata ripoti za mgonjwa mmoja mmoja ambaye miondoko isiyo ya hiari ilianza au ilizidi baada ya kutumia dawa za mzio za kizazi cha kwanza, yaani zile za zamani kama Piriton. Ni chache, na sizitaji ili kumtisha mtu anayehitaji dawa hizo kwa mafua ya kweli.

Kuhusu samaki, jodari au vibua waliokaa juani hujenga histamini nyingi, na mlaji huwashwa, huwa mwekundu usoni na kuumwa kichwa. Hiyo ni sumu ya samaki aliyeharibika. Histamini ya chakula haivuki kwa urahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, kwa hiyo kumnyima mtoto samaki mbichi wa asubuhi hakumpunguzii tiki.

Mzazi wa Nakuru

Naunga mkono, na ningependa kuongeza kuhusu zile wiki tatu. Kijana wangu sasa ana miaka kumi na saba, na sisi tulizunguka miaka miwili kati ya kliniki za macho na za pua kabla ya mtu yeyote kutamka neno tiki. Kila dawa ilionekana kufanya kazi. Tiki zina kawaida ya kupanda na kushuka zenyewe. Mzazi hukimbilia dawa zikiwa kileleni, zinashuka kwa wakati wake, na sifa inakwenda kwa chupa. Nilikuja kuelewa hilo nilipopitia daftari nililokuwa nikiandika tarehe, nikakuta zilishuka vilevile hata miezi tuliyokosa dawa.

Aliyetusaidia ni mwanasaikolojia aliyemfundisha mtoto kuitambua ile hali ya kusumbuka mwilini inayotangulia tiki, kisha kufanya mwondoko mwingine usioweza kwenda pamoja nayo: bega likitaka kupanda, yeye hukishusha kiwiko taratibu na kukibana ubavuni hadi hamu ipite. Tiki zilikuwa kali zaidi alipokuwa na miaka kumi na moja. Leo usipoambiwa huzioni.

Na mwalimu aonywe kwa heshima, ikiwezekana kwa barua ya daktari. Mtoto anaweza kuizuia tiki kwa dakika chache kama mtu anavyozuia chafya, na hapo ndipo watu husema "mbona akitaka anaweza".

Muuguzi wa Watoto

Dada, maelezo yako yanafanana na tiki hasa, maana mwondoko ni uleule unaorudiwa na hutulia akizama katika kazi aipendayo. Hata hivyo, kwa kuwa homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo na kuweza kudhuru moyo, bado ipo kwetu, wazazi wengine wanaosoma hapa waijue korea ya Sydenham, ugonjwa wa miondoko unaotokana na homa hiyo, ambayo huja wiki au miezi kadhaa baada ya maambukizi ya koo. Hiyo haina mpangilio: mikono hutiririka huku na huko, kikombe humponyoka mtoto, mwandiko huharibika ghafla, ulimi hautulii ukitolewa nje, naye hulia bila sababu. Mtoto wa namna hiyo apimwe moyo bila kuchelewa, kwa sababu huenda akahitaji sindano za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi.

Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani. Mbele ya daktari tiki nyingi hujificha.

Mama Wawili (Tanga)

Ahsanteni sana. Nimemrekodi jana, na mwandiko wake uko salama. Bibi yake alipoiona video alicheka, akasema mume wangu alipokuwa darasa la tatu wenzake walimwita Kope. Mwenyewe hakuwahi kuniambia! Je, tupimwe hiyo jeni ya histamini?

Mfamasia wa Zamu

Hapana haja. Badiliko lile ni adimu mno, na wagonjwa wengine walipochunguzwa, karibu wote hawakuwa nalo. Urithi wa tiki kwa kawaida hupitia jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Thamani ya familia ile ni kwamba iliwaonyesha watafiti njia ambayo hawakuwa wakiitazama. Habari ya Kope itakusaidia zaidi: mpelekee daktari pamoja na video, na mweleze kwamba tiki za mwili na za sauti zimepita mwaka, kwani hicho ndicho kipimo cha kuiita Tourette. Muulize pia kuhusu setirizini. Kama mtoto hapigi chafya wala hawashwi, sioni ni kitu gani inatibu.