C imejaa lakini mafaili yangu ni GB 26 tu. Nafasi nyingine imeenda wapi?

mbuyu88

Wakuu, salaam. Laptopu ni ya mtumba, RAM GB 8, SSD GB 128. Nimeipandisha kutoka Windows 10 kwenda 11 siku nne zilizopita. Sasa C ni nyekundu: zimebaki GB 1.7 kati ya 118, na apdeti inagoma kwa kukosa nafasi. Nimesafisha %temp%, nimemwaga Recycle Bin, nimefuta hadi Prefetch. Zimepatikana MB 600 tu. Nikijumlisha Documents, Pictures, Downloads na Desktop napata GB 26. Ina maana Windows peke yake inakula GB 90? Kuformati sitaki, kuna mafaili ya kazi. Halafu nilinunua ya 128, hizo kumi zilizopungua ziko wapi?

fundi_waya

Nianze na hilo la mwisho. Kiwandani GB 1 ni baiti bilioni moja. Windows inahesabu 1,024 × 1,024 × 1,024, kwa hiyo 128 ya kiwandani inasomeka 119. Kipande kidogo kimekatwa kuwa patishani ya kuwashia na ya ukarabati. Hujaibiwa.

Tatizo lako ni kufuta kabla ya kupima. Explorer kwa kawaida haikuonyeshi AppData (folda ambako programu zinaweka data zao), wala mafaili ya mfumo yaliyofichwa, na kuna folda ambazo hata ukiziona inaandika 0 kwa sababu huna ruhusa ya kuzisoma. Ndiyo maana hesabu haifungi. Shusha WizTree, programu ya kuona nini kinakula diski, kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Ifungue kwa Run as administrator, chagua C, bofya Scan. Inasoma moja kwa moja jedwali la mafaili la NTFS (namna Windows inavyopanga mafaili kwenye diski), kwa hiyo diski kama yako inaisha kwa sekunde chache. Leta hapa vitu vikubwa vya juu. Usifute chochote ukiwa humo.

Prefetch achana nayo. Ni MB chache, Windows inaitengeneza upya, na kwa muda huo programu zinachelewa kufunguka.

mbuyu88

Haya, imetoka hivi:
Windows 23.0
Mafaili yangu 26.0
Apple\MobileSync\Backup 22.4
Windows.old 18.6
Program Files zote mbili 9.5
Telegram Desktop ndani ya AppData 5.2
pagefile.sys 4.5
System Volume Information 4.0
hiberfil.sys 3.1

Jumla 116.3, imefunga kabisa. Naanza na ipi?

kasi_ya_umeme

Ingia C:\Windows, futa folda ya WinSxS. Hapo kuna GB 8 hadi 10 za bure.

Dada_Tarakilishi

Tafadhali usimsikilize. WinSxS ndiyo ghala la vipuri vya Windows, na mafaili mengi unayoyaona humo ni yale yale yaliyoko System32, faili moja lenye majina mawili. Explorer inalihesabu mara mbili, ndiyo sababu folda inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ukiifuta kwa mkono, kompyuta inaweza isiwake tena. Njia halali ni kufungua Command Prompt kama administrator na kuandika:

dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup

Inaweza kukwama kwenye asilimia fulani kwa dakika kadhaa. Iache, usizime. Ila hiyo ni ya mwisho, kwa sababu faida yake huwa ndogo.

C:\Windows\Installer nayo usiiguse. Kuna wanaoifuta kwa kuwa ina mafaili yenye majina ya ajabu, kisha baada ya miezi wanashindwa kuapdeti au kuondoa Office.

fundi_waya

Nakubaliana na dada. Mkuu, vitu vitatu vinakumalizia kazi.

Windows.old ni Windows 10 yako ya zamani, imewekwa ili ukitaka urudi. Baada ya siku 10 Windows huifuta yenyewe. Kabla hujaitoa leo, hakikisha Wi-Fi, sauti, printa na kamera vinafanya kazi kwenye 11, maana ukishaifuta ile Go back haipo tena. Kisha Settings, System, Storage, Temporary files. Tiki Previous Windows installation, bofya Remove files. Soma kila mstari kabla ya kubofya: humo kuna mstari wa Downloads, na ukiutiki unafuta kila ulichoshusha, bila kupita Recycle Bin. Usijaribu kuifuta Windows.old kwa Explorer, utagombana na ruhusa mpaka jioni.

Telegram: Settings, Advanced, Manage local storage. Bonyeza Clear all, kisha shusha kikomo cha Total size hadi GB 1. Picha na video za kwenye chati haziendi popote, ziko kwenye seva zao. Ukiifungua tena ya zamani utaishusha upya, kwa hiyo bando litaliwa kidogo.

MobileSync ni bakapu ya iPhone. Kama simu hiyo haipo tena, fungua iTunes, nenda Preferences, Devices, chagua bakapu, Delete. Kama simu inatumika, ihamishie diski ya nje, usiifute. Usichague mafaili ya ndani moja moja: yana majina yasiyosomeka, na likipungua moja bakapu nzima inaweza kukataa kurudishwa.

18.6 na 22.4 ni 41. Ongeza 4 na ushee za Telegram. Utakuwa na karibu GB 47 wazi, na hujagusa hata picha moja.

mbuyu88

Nimeona mahali wanasema powercfg /h off inatoa hiberfil.sys. Na pagefile je?

Dada_Tarakilishi

Pagefile iache, ni sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Kwa RAM ya GB 8, siku ukifungua tabo 30 ndiyo inayokuokoa. Ukiizima programu zitaanza kujifunga zenyewe.

Hiberfil inategemea umeme wa kwako. Kwa kawaida inachukua kama asilimia 40 ya RAM, ndiyo hizo 3.1 zako. Ukiizima unapoteza hibernate na ule uwakaji wa haraka. Laptopu za mtumba nyingi betri imechoka: umeme ukikatika, betri ikifika ukingoni, hibernate ndiyo inayoandika kazi yako kwenye diski kabla haijazima. Kwa GB 3 mimi nisingeitoa. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, toa bila wasiwasi.

System Volume Information ni restore points, yaani hali za zamani za mfumo unazoweza kurudia ukiharibika. Angalia kwanza kwa vssadmin list shadowstorage, kisha uweke kikomo:

vssadmin resize shadowstorage /for=C: /on=C: /maxsize=2GB

Zinazozidi zitafutwa, kuanzia za zamani. Fanya hivyo wiki ijayo, ukishaona Windows 11 imetulia.

mbuyu88

Windows.old na Telegram zimeondoka. Simu bado inatumika, kwa hiyo bakapu nahamisha. Nina flashi ya GB 64, inatosha?

fundi_waya

Nafasi inatosha, ila si kitu cha kutegemea kwa bakapu. Bora SSD ndogo ya nje. Chochote utakachonunua, hasa vile vya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, kipime kwanza kwa H2testw ikiwa tupu. Flashi feki inajitangaza kubwa, lakini ikifika uwezo wake halisi inaandika juu ya vya zamani, na wewe unaona majina ya mafaili yapo kama kawaida. H2testw inaijaza yote na kusoma tena. Ikiandika kwamba data imepotea, rudisha dukani.

Iformati NTFS. FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi. Funga iTunes, kata folda ya Backup, ibandike kwenye E, yaani diski ya nje. Kisha kwenye Command Prompt:

mklink /J "%userprofile%\Apple\MobileSync\Backup" "E:\Backup"

Kuanzia hapo iTunes inadhani inaandika C, kumbe inaandika E. Chomeka diski kila unapofanya bakapu, na isibadilike herufi, la sivyo itashindwa.

mbuyu88

Inaleta Cannot create a file when that file already exists.

fundi_waya

Folda ya Backup bado ipo pale C, labda ulikopi badala ya kukata. Fungua ile ya E uone ukubwa ni 22.4 kamili. Ikiwa sawa, badilisha jina la ile ya C iwe Backup_zamani na urudie amri. Ifute baada ya bakapu mpya moja kupita salama.