Paka wa miaka 17, figo zimechoka: nitajuaje siku imefika?

MamaKarani

Habarini za humu. Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo ni saa nane usiku, usingizi umegoma, nimeona bora niandike.

Paka wangu anaitwa Karani. Tangu mdogo, ukifungua daftari tu, yuko juu yake. Hesabu, barua, kazi za shule za watoto, zote amezikalia. Ana miaka 17 sasa. Mwanzoni mwa mwaka jana niliona bakuli lake la maji linakauka kabla ya jioni, na mabonge ya mkojo kwenye trei ya mchanga yamekuwa kama ngumi yangu. Daktari akapima damu: figo. Akanieleza kuwa hadi kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, ipande kwenye vipimo, sehemu kubwa ya figo huwa imeshakufa zamani, paka yeye anakula na kuringa kama kawaida.

Wakati ule ugonjwa ulikuwa hatua ya 2. Mwezi uliopita wameniambia ya 4, na hakuna ya 5. Alikuwa na kilo 5.4, leo ana 2.9. Kila baada ya siku moja namwekea dripu chini ya ngozi, mililita 100 hapo katikati ya mabega. Inatokea nundu kama ya ngamia, kisha inashuka taratibu kuelekea mguu mmoja. Zamani alikuwa ananivumilia. Siku hizi akisikia droo ya sindano inafunguliwa, yuko chini ya kitanda, namvuta na huku nalia. Afadhali hata hiyo sindano kuliko ile droo.

Kila ninayemuuliza ananijibu "atakuambia mwenyewe". Haya, mbona haniambii? Asubuhi anasogea bakulini, ananusa, anajilamba midomo, anageuka. Nasema basi, leo napiga simu. Jioni anapanda mapajani, miguu ya nyuma inayumba, anaulalia mkono wangu na kunguruma. Simu naiweka chini.

Mume wangu kasema neno moja tu kisha akanyamaza: "Unamsubiri yeye, au unajisubiri wewe?" Nimemnunia siku tatu. Jibu sina, ndiyo maana nimemnunia.

Mliopitia hili, mliamuaje? Na sindano yenyewe ya mwisho inakuwaje? Hata kumuuliza daktari naogopa.

PakaWatatu

Pole sana dada. Nianze na kunguruma, maana kuliniponza mimi. Paka hunguruma akiwa na raha, lakini hunguruma pia akiwa na maumivu na akiwa anakata roho. Wangu alinguruma mezani kwa daktari, siku ileile ya mwisho. Usikitumie kama kipimo.

Huko kujilamba midomo mbele ya chakula ni kichefuchefu. Njaa anayo, tumbo ndilo linakataa, kwa sababu uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa unabaki kwenye damu. Amepewa dawa ya kuzuia kutapika, maropitanti? Na mirtazapini ya kuamsha hamu ya kula? Ipo ya kupaka ndani ya sikio, hulazimiki kumfungua mdomo. Mwangalie pia mdomoni, wengi hutoka vidonda. Na kama shingo inalegea, kichwa kinaning'inia, waambie wapime potasiamu.

Mimi ningejaribu hayo kwanza. Akirudi kula, umepata muda halali. Asiporudi, umejibiwa. Ila usikae siku tatu ukingoja paka asiyekula kabisa, ini nalo linaanza kujaa mafuta, na hapo matatizo yanakuwa mawili.

(Na kwa yeyote anayesoma: msiwape paka paracetamol. Hata kidonge kimoja kinaua.)

Mzee_Kimya

Mwanangu, mimi ni wa zamani. Mwache aende kwa siku yake. Paka akihisi wakati umefika hujitenga mahali pa kimya, anajiondokea. Kuchagua siku ya kufa kiumbe kingine ni mzigo ambao hatukupewa.

Kunguru_Mweupe

Mzee shikamoo. Na mimi niliwaza hivyo. Wangu shinikizo la damu lilipanda kwa ajili ya hizohizo figo, akaamka haoni, kipofu kabisa kwa usiku mmoja. Bado nikasema tungoje, binti yangu alikuwa na mitihani, nilitaka awepo. Hatukuifikia mitihani. Alifia kwenye kibebeo, saa tisa usiku, garini, mimi naendesha na yeye analia nyuma. Sina zaidi ya hilo.

Msaidizi_Mstaafu

Nilikuwa msaidizi wa daktari wa wanyama miaka 11. Mzee, kwa heshima zote: anayejitenga hajalala, amejificha. Figo zikizima kabisa ni kutapika, vidonda, wengine degedege, na inaweza kuchukua siku kadhaa. Kwa kuwa hatumwoni, tunadhani ameondoka kimya.

MamaKarani, sindano. Kwanza huchomwa dawa ya usingizi. Dai hiyo, usikubali irukwe. Anazama dakika chache, unaweza kumshika muda wote. Kisha pentobabitali, dawa ya nusukaputi kwa kipimo kikubwa mno, kwenye mshipa. Ubongo unalala kwanza, pumzi na moyo vinafuata, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Kwa paka aliyekauka kama Karani mshipa unaweza kukataa. Basi daktari humchoma tumboni au kwenye figo, na tumboni huchukua muda zaidi. Haimaanishi kosa limetokea.

Ambalo watu hawaambiwi: macho hayafungiki. Mkojo unaweza kutoka, wekeni taulo. Na moyo ukishasimama anaweza kuvuta pumzi moja au mbili za ghafla. Hajaamka, ni misuli tu. Nimeona watu wazima wakipiga kelele kwa sababu hakuna aliyewaonya. Mkimzika, chimbeni kwenda chini sana, dawa hiyo hubaki mwilini na mnyama atakayemfukua anaweza kufa.

Kuhusu lini: Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama Marekani, alitoa mizani yake 2004. Mambo saba, kila moja alama 0 hadi 10, 10 ikiwa ndiyo hali nzuri: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Jumla ikizidi 35 bado anaishi vizuri. Binafsi namba zenyewe sizipi uzito sana, mwenye paka hujiongezea alama bila kujijua. Faida yake ni kukukalisha chini umtazame. Mtazame na uso: masikio yamelala kwa nje, macho yamebanwa, kichwa kiko chini ya mabega. Huyo anaumwa, angurume asingurume.

MamaKarani

Nimerudi, siku tisa zimepita. Asanteni nyote, hata wewe Mzee, nilikusoma mara nyingi kuliko wengine.

Mirtazapini ilitupa siku nne. Alikula, siku ya pili akamzomea hata paka wa jirani dirishani, nikaanza kupanga mambo ya mwaka kesho, mjinga mimi. Siku ya tano akarudi kunusa na kugeuka. Tukaongeza ile ya kuzuia kutapika, haikusaidia kitu.

Jana usiku nikachukua daftari nimpe hizo alama saba. Nikaandika maumivu, nikaandika njaa, nikabishana na nafsi kwenye maji mwilini. Nilikuwa nimefika ya nne ndipo nikashtuka kwamba naandika tu, mstari baada ya mstari, na hakuna aliyenizuia. Nikainua macho. Alikuwa pale sakafuni, hatua mbili, amekunja miguu chini ya tumbo, anatazama daftari. Hakuja.

Sikumaliza kujumlisha. Nilimwamsha mume wangu, nikamwambia nilikuwa najisubiri mimi.

Daktari anakuja nyumbani keshokutwa jioni. Ya usingizi kwanza, nimeuliza, amekubali. Amesema pia dripu ya kesho naweza kuiacha. Ile droo nimeibandika gundi ya karatasi pande zote mbili, isije ikafunguliwa na mtu kwa bahati mbaya akasikia.