Ulinganisho: SMS za mkupuo, matangazo ya Instagram au kijana wa TikTok, ipi inawafikia vijana?

Muuza_Raba
Wanajamvi, habari za jioni. Nina duka dogo la viatu na nimetenga shilingi laki tatu kwa ajili ya matangazo, nikiwalenga vijana, kwa kuwa hao ndio wanaoshinda na simu mkononi. Nimebaki na njia tatu: SMS za mkupuo, matangazo ya kulipia ya Instagram, au kumlipa kijana mwenye wafuasi wengi TikTok avae raba zangu kwenye video zake. Ipi itanirudishia fedha haraka? Natakiwa kuamua kabla ya mwisho wa mwezi.

Kitwana_K
Ndugu mleta mada, hujatuambia duka liko mji gani, raba ni mpya au za mtumba, wala bei inaanzia wapi. Hata hao vijana ni wapi hasa? Mwanafunzi wa chuo, dereva wa bodaboda na fundi gereji wote ni vijana, lakini hawatumii simu kwa namna moja.

BintiUluguru
Aongeze na hili: wateja alionao sasa walimfahamu vipi, na namba zao anazo? Mimi nauza magauni na sijawahi kulipia tangazo hata moja. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inapokea watu 256, ila ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mteja akishalipa namwomba aihifadhi palepale kaunta kabla hajaondoka. Stetasi napandisha usiku, na ni picha tupu, kwa sababu kijana anayenunua bando la siku huzihesabu MB zake na video ndefu huiruka.

MzeeWaSokoni
Naomba nieleze yaliyonikuta kwenye SMS. Kampuni moja ambayo sitaitaja iliniuzia kifurushi kikubwa pamoja na walichokiita orodha ya vijana wa mjini. Aliyeuandika ujumbe wangu, mtu wao, aliupamba kwa emoji za moto na viatu, na hakuna aliyenieleza kwamba ukiweka emoji hata moja, nafasi ya herufi 160 hushuka hadi 70, hivyo ujumbe ule mmoja ukahesabiwa kuwa mitatu na salio likaisha kabla nusu ya orodha haijafikiwa. Jina la duka nalo lilikatwa katikati, maana jina la mtumaji halizidi herufi 11, likabaki neno lisiloeleweka. Siku iliyofuata nilipigiwa simu na mchungaji wa Songea akitaka kujua namba yake nimeitoa wapi, kisha mama mmoja akanifokea akidhani mimi ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kijana sikumwona. Nilipolalamika, kampuni ikajibu kuwa tatizo lilikuwa mtandao.

Wakili_Mdogo
Pole, mzee wangu. Licha ya hasara, kununua orodha ya namba ni kujitafutia kesi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, taarifa za mtu zinapaswa kukusanywa kwa lengo halali analolifahamu, na namba yake ni mojawapo ya taarifa hizo.

Kitwana_K
Pamoja na hayo, SMS isizikwe ikiwa hai. Ujumbe wa muamala huingia kwa SMS, kwa hiyo kijana asiyejibu WhatsApp tangu asubuhi bado ataifungua SMS papo hapo, huenda ni hela. Wapo pia wenye kiswaswadu cha betri la siku nne kando ya simu janja, na humo Instagram haiingii.

BintiUluguru
Kaka Kitwana, ataifungua, ataona si hela, ataifuta. Tena vijana wengi wana laini mbili au tatu na huhama kufuata bando lenye nafuu, kwa hiyo namba uliyoandika mwezi uliopita huenda sasa imelala ndani ya pochi.

Muuza_Raba
Asanteni. Duka liko Morogoro, si mbali na chuo kikuu cha SUA, raba ni za mtumba daraja la kwanza, kati ya 35,000 na 60,000, na wateja wengi ni wanachuo. Kijana wa TikTok anataka laki mbili kwa video mbili.

Wakili_Mdogo
Hilo ndilo tulilolihitaji mapema. Mwombe akuonyeshe takwimu za mahali walipo watazamaji wake, kwa kuwa TikTok hupeleka video kwa watu kufuatana na wanachopenda kutazama, hata kama hawamfuati, na mtazamaji wa Mwanza hatapanda basi kufuata raba ya mtumba. Instagram walau unauchagua mji na umri. Na usitoe hata senti kabla boom, yaani fedha za mkopo za wanachuo, halijaingia. Kabla ya hapo wataipenda picha tu, wakishapata fedha wanunue kwa aliyewatokea siku hiyo.

Kitwana_K
Na bei iandikwe juu ya picha. Hii tabia ya kujibu "njoo inbox" inawafukuza vijana, kwani akiuliza mara moja asijibiwe anateleza kwenda duka jingine bila hata kufunga simu.

Muuza_Raba
Hapo sikubaliani nawe, mkuu. Nikiandika bei, jirani yangu anaishusha kwa elfu mbili jioni ileile, na mtumba kila jozi ina bei yake.

BintiUluguru
Kila jozi ina bei yake, basi kila jozi ina picha yake. Jirani anayetaka kuijua bei yako atamtuma mtoto dukani aulize. Mwanachuo ana aibu ya kuuliza bei mbele za wenzake, ndiyo maana anaitafuta kwenye simu kwanza.

MzeeWaSokoni
Binti, wa kwangu hawana aibu hiyo, wanapatana hadi tunafunga. Ila mleta mada bado hajajibu kama namba za wateja wake wa zamani anazo.