Kura moja, wagombea watatu: nani anabeba ninayoyaamini? (Mwanza)

Mtoto wa Makoroboi
Mwangaluka wakuu. Uchaguzi ujao sitaki kupiga kura kwa mazoea wala kwa sababu ya fulana na kofia. Nimekaa nikaandika ninayoyaamini. Hospitali na shule zibaki mikononi mwa serikali. Biashara ndogo iachwe ipumue, machinga asikimbizwe kama mwizi. Kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, lipigwe vita bila huruma. Na mtu aruhusiwe kugombea bila chama. Wanaotajwatajwa ni watatu: A wa chama tawala, anajua kila mlango wa Dodoma. B wa upinzani, mwanasheria, anaongea kama redio. C mfanyabiashara, chama kidogo. Nani anaendana na mtu kama mimi? Naomba ulinganisho, si matusi.

Kipara wa Igoma
Udiwani au ubunge? Jimbo gani? Umetuletea A, B, C kama mtihani wa darasa la saba.

DagaaKavu
Niliposoma "ninayoyaamini" nikajua anatafuta mgombea mlokole 😂

Mtoto wa Makoroboi
Ubunge. Mwanza mjini. Nasema misimamo, si msikiti wala kanisa.

Kipara wa Igoma
Mwanza mjini ni majimbo mawili, mkuu. Unaweza kuuza Makoroboi ukalala Buswelu. Nyamagana au Ilemela?

Mwl Mstaafu
Wakati anatafuta jina la jimbo lake, niseme kidogo. Kijana, itikadi inaanzia kwenye karatasi. CCM katiba yao bado inataja Ujamaa na Kujitegemea, ingawa Zanzibar mwaka 1991 walilegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha la 1967. CHADEMA mwasisi wake ni mzee Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, mtu wa soko huria. ACT-Wazalendo mwaka 2015 wakaja na Azimio la Tabora, wakasema wanauhuisha ujamaa. Wewe hospitali unataka za serikali, biashara unataka huru. Mguu mmoja huku, mwingine mtumbwi wa pili. Sikulaumu, nusu ya mtaa wangu wako hivyohivyo. Ila hakuna chama kitakachokuchukua mzima mzima.

JiweLaBismarck
Mwalimu, ndiyo maana wenzetu Ujerumani tangu 2002 wana kitu kinaitwa Wahl-O-Mat. Unapewa hoja kama 38, kila moja unakubali, unakataa au unakaa katikati. Unazozijali sana unazipa uzito mara mbili. Mwishoni unaona umelingana na chama kipi kwa asilimia ngapi. Na majibu ya vyama wanayatoa vyama wenyewe. Mleta mada chukua daftari ufanye hivyohivyo. Mfuate kila mgombea, muulize kokoro ndiyo au hapana, weka vema.

Kipara wa Igoma
Hapa ukimuuliza ndiyo au hapana atakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani.
Halafu mambo ya itikadi mniache. Mwaka 2010 Nyamagana tulimtoa Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, tukampa Wenje wa CHADEMA. 2015 Masha naye akahamia CHADEMA. Sasa aliyempinga Masha kwa itikadi alitakiwa afanyeje, aanze kumpenda?

DagaaKavu
Kwenye kokoro mimi naunga mkono Operesheni Sangara moja kwa moja. Watu wanavua sangara hata sentimita 50 hajafika!

Kipara wa Igoma
Operesheni Sangara ipi? Ya CHADEMA ya kuzunguka kusaka wanachama au ya serikali ya 2018 ya uvuvi haramu?

DagaaKavu
Ya samaki bwana. Kwani ile nyingine ilivua nini?

Kipara wa Igoma
Ilivua Nyamagana na Ilemela, 2010. Zote mbili.

Ng'wana Kayenze
Huo ushauri wa daftari nauogopa, wacha niseme. Huku mwaloni, ufukweni tunakoshushia samaki, alikuja mgombea mmoja, simtaji yeye wala chama chake. Alivua viatu, akapita pembeni ya dagaa walioanikwa mchangani, akaokota mmoja akamwangalia juani kama mtu anayepima dhahabu. Kikundi chetu tulikuwa tumeandika mambo matatu kwenye karatasi ya daftari: kokoro litoke, mvuvi mdogo apewe muda wa kubadili nyavu, na choo kijengwe mwaloni. Akasoma, akasaini, katibu akaitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Tukamchagua.

Msako ulipokuja hapakuwa na muda wowote. Nyavu zangu vipande sita, za mkopo, zilichomwa nikiwa nimesimama pale na rejesho la Ijumaa mfukoni. Nailoni ikiungua inatoa moshi mweusi, unakaba koo mpaka kesho yake. Nampigia simu, haipatikani. Wiki hiyohiyo namsikia redioni anapongeza msako. Nikafunga safari mpaka ofisini kwake na karatasi yangu. Msaidizi akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia: "Saini ni yake, mzee, lakini msimamo ni wa chama." Karatasi ninayo hadi leo. Choo hakuna.

BintiUkerewe
Pole sana kaka. Huyo msaidizi angalau alisema kweli. Mbunge akivuliwa uanachama, kwa Ibara ya 71 ubunge nao unakwenda, atabishana na chama chake kwa lipi?

DagaaKavu
Isipokuwa wale 19 wa viti maalum, CHADEMA iliwavua uanachama 2020 wakabaki bungeni 😅

BintiUkerewe
Usituharibie mada. Na hilo la mgombea binafsi, mchungaji Mtikila alilipigania mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na sheria haikubadilika. Kati ya A, B na C nani atalibeba, ilhali wote watatu wamepitia kwenye chama? Mimi hutazama mtu. Alikuwa wapi mwaka ambao hakuna kampeni?

JiweLaBismarck
Kumtazama mtu ndiyo kumemponza Ng'wana Kayenze. Mtu alivua viatu.

Ng'wana Kayenze
Na alivivaa mwenyewe, nilimwona.

Mwl Mstaafu
Mleta mada kapotelea wapi? Jimbo?

Mtoto wa Makoroboi
Nipo wakuu, nilikuwa nafunga meza. Naishi Mkuyuni, kwa hiyo Nyamagana. Ila kadi ya mpiga kura nilijiandikishia Nansio kwa bibi, sijahamisha taarifa.

BintiUkerewe
Yaani siku nzima tunapima watu wa Nyamagana na wewe kura yako iko Ukerewe?

Mtoto wa Makoroboi
Huko wanaotajwa ni akina nani, dada?